Maneno Matano

Daktari alitoka Tbilisi na mkoba wa ngozi,
akaketi pale wanapoketi wageni, jiko mgongoni,
akasema: Mzee Nugzari, nakukopesha maneno matano.
Yaweke vizuri. Kabla sijaondoka nitayadai.

Uzi. Kengele. Pera. Daraja. Shangazi.

Mume wangu akacheka. Matano!
Huyu alikuwa tamada wa mtaa mzima,
mwenye meza, ambaye kabla hajanena
hakuna bilauri iliyothubutu kugusa mdomo.
Harusi ya Manana aliinua pembe mara ishirini na sita:
kwa wafu, kwa walio bado tumboni,
kwa jirani aliyehama bila kuaga,
kwa mzabibu, kwa aliyepika na hajala.
Hakurudia hata dua moja.
Maneno yalimjia mbio
kama kuku wanaoujua mkono unaowalisha.

Sasa tarakimu, daktari akasema. Nirudishie kinyumenyume.
Saba, mbili, tisa, nne.

Nilikuwa jikoni natwanga jozi.
Mchi ulisimama wenyewe.

Nne, akasema Nugzari.
Nne.
Na katika kimya kile nilisikia tanuri
ng'ambo ya mto, likishusha pumzi.

Ieleweke: hakufanya kazi kiwandani hata siku moja.
Alikuwa mtu wa posta, miaka thelathini na mmoja,
akijua nani anaandikiwa na nani haandikiwi,
na huyo wa pili akimpitia hivyo hivyo, amsalimu tu.
Lakini vumbi halitaki stempu.
Vumbi linafika nyumba zote,
hata zile zisizo na namba.

Majira ya baridi walifunga pampu ndogo kwenye roshani yetu,
yenye karatasi nyeupe, mviringo, kama kaki ya komunyo.
Baada ya wiki wakaitoa kwa koleo.
Ilikuwa rangi ya panya.
Manganisi, daktari akasema,
nami nikalipenda lile jina, Mungu anisamehe,
nikadhani ni binti wa kasisi fulani.

Akanieleza taratibu, kama anayemwekea mtoto kijiko mdomoni:
kinachopita tumboni, ini hukikagua.
Hiki hupita puani.
Na puani hakuna mlinzi wa zamu;
ni hatua chache tu, mama, mpaka ubongoni.

Nikakumbuka mashuka.
Miaka yote ile nikianika mashuka meupe
na kuyaanua yana kivuli,
nikimgombeza Nugzari kwa sigara asizovuta.

Tornike wetu yuko zamu ya usiku kule kule.
Mshahara wake ndio ulionunua madirisha haya mapya,
vioo viwili viwili,
ili anachokipika kisituingilie.
Nimwambie nini? Ana mkopo. Ana mapacha.
Kila alfajiri huvua buti nje,
kisha huingia na nywele zake.

Haya, mzee, daktari akasema. Nimekuja kudai.

Nugzari alijinyoosha kama zamani,
kidevu juu, mkono ukitafuta pembe isiyokuwepo.
Nilimwona akigonga milango ndani ya kichwa chake,
mmoja mmoja, mwenyeji hayupo.
Uzi, akasema.
Kisha: Pera.
Kisha akaanza, kwa sauti ile ile iliyowatoa machozi wanaume,
Tunywe kwa ajili ya...

Hakuna aliyekohoa.
Daktari aliandika kitu kidogo sana.

Wanasema ahadi ni deni.
Sikujua kwamba hata neno hukopwa,
na kwamba yupo anayeshindwa kulipa bila kosa lake.

Usiku nilisimama dirishani, upande wa nje wa kingo,
nikayaandika kwa kidole kwenye vumbi, nimsaidie kesho:
uzi, kengele, pera, daraja.
Nikahesabu. Nikahesabu tena.
Ng'ambo ya mto anga ilikuwa ya machungwa.

Asubuhi kingo ilikuwa imejaa,
laini, haina alama hata ya kucha.